Raketi ya Elfu Ishirini na Nane Haitakufundisha Kupiga

Najua nimeadimika. Niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata na itakuja, lakini leo naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya tarakilishi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolisema hapa nitalisema mahali pabaya zaidi, yaani kwenye mkutano wa kazi.

Jambo lenyewe ni raketi za badminton. Naam, mchezo wa vinyoya. Usicheke na usifunge ukurasa, maana ukifika mwisho utaona nilikuwa nazungumzia pia simu yako.

Kundi letu hucheza kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Tuko kama kumi na wawili, wengi wetu watu wa programu na mitandao, watu wa kukaa kitini kutwa nzima huku tumbo likitangulia. Tulianza na raketi za kuazimana. Siku hizi ukifungua mabegi yetu utadhani timu ya taifa ya Indonesia imetua. Basi Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja akatoa hoja: kila mwanachama awe na raketi "ya maana", isiyopungua shilingi 15,000, kwa sababu za bei nafuu "zinashusha kiwango cha mchezo". Watu wakaitikia. Mimi nikasema sikubali, nikaulizwa: "Wewe mwenye raketi ya elfu ishirini na nane unabisha nini?"

Ndiyo maana nabisha. Nimeinunua. Najua ilichonipa na najua ilichonigharimu.

NAMBARI KUBWA KWENYE SANDUKU

Nianze na jinsi nilivyonaswa. Mwaka 2023 mchezaji wa India, Satwiksairaj Rankireddy, aliingia katika rekodi za Guinness kwa mkwaju wa kilomita 565 kwa saa. Nilipoisoma habari ile nilisisimka kama mtoto. Sikujiuliza kipimo kilichukuliwaje. Kilichukuliwa Japan, katika mazingira ya majaribio, si katikati ya mechi, na ni kasi ya kinyoya kinapotoka tu kwenye nyuzi. Kinyoya hupunguza kasi upesi mno kwa sababu ya umbo lake. Manyoya 16 yaliyopangwa duara ni kama mwavuli mdogo. Kinapomfikia mpinzani kimekwisha pungua sana. Lakini hayo hayaandikwi kwenye tangazo. Linaloandikwa ni 565.

Wakongwe wenzangu mnaikumbuka hadithi hii. Enzi za Pentium 4 tulikuwa tunanunua tarakilishi kwa gigahezi kama tunavyonunua viazi kwa kilo. Mwenye 2.8 alimdharau mwenye 2.4. Kisha mwaka 2004 Intel wenyewe wakaifuta ile Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameahidi, na mwaka 2006 wakatoa Core 2, yenye gigahezi chache zaidi lakini inayofanya kazi vizuri zaidi. Nambari kubwa kwenye sanduku haikuwa kasi ya kazi yetu. Baadaye tukaingia kwenye megapikseli za kamera tukarudia kosa lilelile. Na sasa mimi, mtu niliyewacheka wengine wakati huo, niko dukani nauliza raketi ipi "ina nguvu zaidi".

Muuzaji alinitazama tumbo, akanitazama pochi, akaamua kuangalia pochi. Alinitolea raketi nyeusi, nyembamba, nzito kichwani, ngumu kama mti wa mvule. Chapa siitaji kwa sababu raketi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

KWA NINI RAKETI YA BINGWA INAKUKATAA

Sasa tufungue mashine tuone ndani. Raketi ya badminton ina sehemu tatu kuu: mpini, shafti na kichwa chenye nyuzi. Kanuni za mchezo zinaruhusu urefu usiozidi milimita 680 na upana usiozidi 230, kwa hiyo zote hulingana karibu kabisa kwa ukubwa. Tofauti iko katika uzito, mizani na ugumu wa shafti.

Uzito huandikwa kwa herufi U. Kwa Yonex, 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84, na 5U ni 75 hadi 79. Yaani tunagombana juu ya gramu tano, uzito wa kinyoya kimoja! Mizani ndiyo huamua kama uzito huo uko kichwani (kwa wapiga mikwaju), mkononi (kwa wepesi wa kujilinda) au katikati.

Lakini kinachowaumiza watu ni shafti. Unapoanza kurusha mkono, shafti hupinda nyuma kidogo, kisha hujinyoosha kuelekea kinyoya. Ni kama upinde wa mshale. Mchezaji wa kiwango cha juu anarusha mkono kwa kasi kubwa sana, na shafti laini kwake huchelewa kujinyoosha, kinyoya kinakwenda asikotaka. Kwa hiyo anapewa shafti ngumu. Yonex Astrox 100ZZ, kwa mfano, imeandikwa na watengenezaji wenyewe kuwa ni ngumu zaidi ya kawaida. Hiyo si sifa wala lawama, ni maelezo. Imetengenezwa kwa mtu fulani, na mtu huyo si mimi.

Mimi nikirusha mkono wangu wa mtu wa programu, shafti ile haipindi hata chembe. Nguvu ambayo upinde ungenisaidia nayo naitoa mwenyewe begani na kwenye kiwiko. Wiki ya kwanza nilijisifu. Wiki ya tatu kiwiko kikaanza kuuma. Mwezi wa pili nilikuwa siwezi kushika kipanya cha tarakilishi bila kukunja uso, na nikakaa wiki sita bila kucheza. Hebu fikiria: nimetumia elfu ishirini na nane kununua likizo ya lazima kutoka kwa mchezo ninaoupenda!

UBAYA ULIKUWA KWENYE NYUZI

Nilipopona nilikwenda kwa mzee mmoja Parklands mwenye mashine ya kufunga nyuzi. Amefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko niliyoandika msimbo. Nilimpa raketi yangu, nikamwambia: "Shikamoo mzee. Nifungie pauni 29, kama mabingwa."

Akaitikia marahaba, akaigeuza raketi mara mbili, akaniuliza: "Kijana, katika mikwaju kumi, mingapi inagusa katikati ya nyuzi?"

Nikasema labda minne.

"Basi pauni 29 zitakupa minne mizuri na sita mibaya zaidi. Nakufungia 23."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna tangazo lililonieleza. Nyuzi zikikazwa sana, sehemu nzuri ya kupigia hupungua, na nyuzi zenyewe hazikurushii kinyoya. Unapata udhibiti, lakini nguvu ulete mwenyewe. Nyuzi zenye mkazo wa wastani, pauni 20 hadi 24, hukusamehe na kukusaidia. Na aina ya uzi ni muhimu pia: Yonex BG65, yenye unene wa milimita 0.70, hudumu, BG66 Ultimax, yenye milimita 0.65, ni chepesi na tamu lakini hukatika mapema. Nyuzi ndizo zinazogusa kinyoya. Kaboni yote ile ya bei ghali haikigusi kamwe, labda ukikosea.

Sisi watu wa programu tuna kanuni moja ya kuwinda hitilafu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu. Lakini mtu anayetoka kwenye raketi ya elfu tano yenye nyuzi za kiwandani zilizolegea miaka miwili, akahamia kwenye raketi ya elfu ishirini na tano iliyofungwa nyuzi mpya jana, hurudi akisema "raketi hii ni moto!" Amebadilisha vitu viwili, akasifu kimoja, tena kile cha bei ghali.

Nikaamua kujaribu. Niliazima raketi mbili za kaboni za bei ya kati, nikaweka na yangu, zote tatu nikampa mzee azifunge uzi uleule kwa mkazo uleule. Nikafunika chapa zote kwa gundi ya karatasi na kuweka mshiko wa rangi moja. Wenzangu wanne wakacheza na kila moja dakika kumi, kisha nikawauliza ipi ni ya elfu ishirini na nane. Mmoja tu aliipata, naye alisema aliijua kwa sababu mkono ulichoka. Wawili waliitaja ile ya 6,500. Wa nne alikataa kujibu akasema nimemchezea shere. (Ndiye huyohuyo aliyetoa hoja ya Jumamosi. Sitasema zaidi.)

Watu wanne si utafiti, najua. Lakini kama tofauti ingekuwa kubwa kama tunavyoambiwa, watu wanne wangetosha.

TUSIDANGANYANE UPANDE WA PILI

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila raketi ya bei nafuu ni nzuri. Zile zinazouzwa mbili kwenye mfuko mmoja pamoja na vinyoya vya plastiki, shafti ya chuma na kichwa cha alumini, zina kazi yake: uani, watoto, sikukuu. Utazitambua kwa kuangalia pale shafti inapokutana na kichwa, mara nyingi kuna kiungo kinachoonekana wazi kwa nje. Ni nzito, na hazivumilii nyuzi kukazwa vizuri. Ukizipeleka kwa fundi wa nyuzi atakurudishia kwa upole. Mtu anayetaka kujifunza mchezo ukumbini na anunue raketi ya kaboni yote, shafti na kichwa. Hatua hiyo, kutoka chuma kwenda kaboni, ndiyo kubwa kuliko zote, na haihitaji hata robo ya pesa nilizotumia mimi.

Wala sisemi raketi ghali ni utapeli. Anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki, mwenye kocha na mkono wa haraka, anahitaji shafti ngumu na fremu inayovumilia pauni 28. Na akinunue. Yonex walianza mwaka 1946 wakitengeneza maboya ya mbao ya nyavu za wavuvi, plastiki ikawanyang'anya soko, na mwaka 1957 wakaingia kwenye raketi. Kampuni iliyofika hapo ilipo kutoka kwenye maboya inajua inachofanya. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini vimeundwa kwa ajili ya nani? Hilo ndilo swali ambalo muuzaji hakuulizi.

Na kuna jambo jingine: sisi wacheza wa Jumamosi hucheza wawili kwa wawili. Raketi hugongana. Kaboni nyembamba ya elfu ishirini na nane huvunjika kwa mgongano uleule unaovunja ya elfu saba. Tofauti ni usingizi wako usiku huo.

HESABU

Nilikaa nikapiga hesabu ya zile 28,000 kama ningezitumia kwa akili, kwa bei nilizolipa mimi mwenyewe kwa nyakati tofauti:

- Raketi ya kaboni yote, 4U, mizani ya katikati, shafti laini au ya wastani: 7,000
- Uzi na kufungiwa mara tatu: 4,500
- Viatu vya ukumbini vyenye soli ya mpira: 6,500
- Mikebe miwili ya vinyoya vya nailoni: 3,000
- Kocha, saa saba: 7,000

Jumla 28,000. Viatu vingeokoa kifundo cha mguu changu. Kocha angenifundisha katika saa ya kwanza kwamba naushika mpini kama sufuria, jambo ambalo raketi yangu ya kifahari haikuniambia hata siku moja.

Na hivyo vinyoya navyo vina siri yake. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kinyoya kinaruka mbali kuliko pwani. Vinyoya vya nailoni vya Yonex vina ukanda wa rangi: kijani ni cha polepole, buluu cha wastani, nyekundu cha haraka. Sisi tulikuwa tunacheza na buluu miaka miwili tukilalamika kwamba raketi "zinatoa nje". Kuna jaribio rahisi lililoandikwa kwenye kanuni: simama mstari wa nyuma, piga kinyoya kutoka chini kwa nguvu zako zote, kiangalie kinapotua upande wa pili. Kinatakiwa kitue kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa huko. Chetu kilipitiliza mstari! Tulibadilisha mkebe, ugonjwa ukapona. Fikiria ni wangapi walikuwa wamekwisha badilisha raketi.

KISA CHENYEWE

Haya. Yote niliyosema mpaka hapa ningeweza kuyasema kwa utani na tukaachana salama. Kilichonikaa kooni ni hiki.

Mwaka jana ofisini kwetu kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kwa mafunzo ya kazi, atachi kama tunavyosema. Kijana mpole, msimbo wake safi. Nilimwalika mimi mwenyewe kwenye Jumamosi yetu. Alikuja na raketi aliyoinunua mkononi kwa mtu, haina chapa inayojulikana, rangi imetoka kichwani. Alikuwa na miguu mepesi kuliko sisi sote. Lakini nyuzi zake zilikuwa zimelegea kama wavu wa kuku, na kila akipiga ulisikika mlio wa ajabu.

Mimi, mwenye elfu ishirini na nane begani, nikamwambia mbele ya watu: "Bwana mdogo, hiyo ni ya kufukuzia mbu."

Ukumbi ukacheka. Yeye akacheka pia. Jumamosi iliyofuata hakuja. Alisema ana kazi ya chuo. Iliyofuata vilevile. Muda wake ukaisha akarudi Eldoret, na raketi akaiacha kwenye kabati la ofisi, sijui kwa kusahau au kwa kusudi.

Ile raketi, ndugu msomaji, ndiyo mojawapo ya zile mbili nilizompelekea mzee wa Parklands. Nilimwambia ni ya kijana fulani, nikaona haya kueleza zaidi. Aliigonga kwa ukucha, akaikunja shafti kidogo, akasema: "Hii ni kaboni yote. Haina ubaya. Ubaya ni huu uzi." Akakata zile nyuzi, akafunga BG65, pauni 23. Nikalipa 1,500.

Ndiyo ile ambayo wenzangu wawili waliitaja kuwa ya elfu ishirini na nane. Nilipotaja 6,500 hapo juu nilikuwa nimekisia bei yake ikiwa mpya. Yeye aliinunua 3,000.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba raketi ya bei nafuu inashusha kiwango cha mchezo. Kilichoshusha kiwango cha mchezo wetu ni mimi. Tulikuwa na mchezaji bora kuliko wote, tukamfukuza kwa sababu ya nyuzi za shilingi 1,500, na sasa tunataka kuandika kufukuza kwenyewe kuwa sheria.

Hoja yangu kwa Jumamosi ijayo ni hii, na nitaileta kwa maandishi. Pasiwe na bei ya chini. Kila atakayekuja na raketi ya kaboni yenye nyuzi mbovu, kundi litamfungia nyuzi mara ya kwanza kutoka kwenye mchango wetu. Atakayekuja na ya chuma ataazimwa. Na anayetaka kununua ya elfu ishirini na nane anunue, pesa ni zake, ila aulize kiwiko chake kwanza.

Yangu nimeitangaza kuuzwa. Mpaka leo wamepiga simu watatu, na wote watatu wameuliza swali moja: "Ina nguvu?"

Kijana nilimwandikia Jumapili. Nilimwomba radhi, nikamwambia raketi yake imefungwa nyuzi mpya, iko kwenye droo ya meza yangu, aje Jumamosi yoyote akiwa Nairobi. Alijibu jioni: "Sawa mkuu. Nitaangalia."

Wanaoijua Kenya wanajua "nitaangalia" maana yake nini. Hata hivyo droo sijaifunga.

Wenye kubisha, njooni Jumamosi na raketi zenu. Nitaleta gundi ya karatasi.